Mgongo Alioujua Somo

Sogeeni niwape ngano, nanyi nipeni masikio.

Mwanashaha aliolewa na zimwi lililovaa sura ya mtu, nalo likampiga. Akamkimbilia babake.

"Vumilia, mwanangu."

Akamkimbilia shangazi.

"Mume mpole yule! Umemuudhi nini?"

Akamkimbilia Bi Msimu, somo yake, aliyemfunda na kumsinga mwili kwa liwa ya msandali kabla ya harusi. Bi Msimu akafunua kanga, akashtuka.

"Mgongo huu niliusinga kwa mikono yangu, haukuwa na kovu hata moja. Nakuamini, mwanangu."

Mume alikuwa mlangoni, ameletwa na baba na shangazi amchukue mkewe. Aliposikia neno lile, "Nakuamini," uso wa mtu ukambambuka, pembe zikachomoza. Waliomleta wakaachama.

"Mkwe wenu mpole ndiye huyo," alisema Bi Msimu. "Mkaribisheni kwenu!"

Akafunga mlango.

Ngano yangu imebaki nje. Mwanashaha yu ndani, salama.