Sauti ya Semboja

Hapo zamani, enzi za santuri, katika mji mmoja wa mashamba ya mkonge, paliondokea mwimbaji wa muziki wa merenge aitwaye Semboja. Merenge aliisikia redioni, akaipenda, akaanza kuiimba kwa Kiswahili, na haikuchukua muda akawa anaringa kana kwamba ameibuni yeye. Ukimwuliza imetoka nchi gani, anakujibu, ng'ambo. Ng'ambo ipi? Hapo anaangalia viatu vyake. Viatu vyenyewe vilikuwa vyeupe, na alivipenda kuliko mkewe.

Mkewe ni Zawena. Huyo ndiye aliyetunga nyimbo, jikoni, huku akipepeta mchele, na Semboja akazitoa jukwaani kama zake. Wimbo uliopendwa kuliko zote uliitwa "Mgeni Nyumbani", wa mwanamume anayerudi kwake kula na kubadili shati tu. Semboja aliuimba mpaka machozi yakamtoka, na hata siku moja hakujiuliza mwanamume huyo ni nani. Zawena naye hakumwambia. Alipenda kuitwa mke wa Semboja na kupishwa kwenye foleni ya mafuta ya taa, kwa hiyo alinyamaza. Tusimvike utakatifu asiokuwa nao.

Wa tatu ni Mhina, mpiga manyanga, vile vibuyu vya kutikisa, wa bendi hiyohiyo. Kipaji chake kilikuwa kumcheka mkubwa wake akiwa hayupo. Semboja akigeuka tu, Mhina anaigiza ile sauti ya puani, neno kwa neno, na bendi nzima inavunjika mbavu. Semboja akirudi, Mhina anamshikia koti.

Basi kampuni ya santuri ikaleta mashine ya kurekodi kwenye ukumbi wa dansi, kwa siku moja tu. Mwimbaji mwenye akili angelala mapema. Semboja alizunguka mji mzima akipiga kelele kwamba kesho atarekodiwa. Alitangaza sokoni, akatangaza kilabuni, akatangaza hata msibani, wakamtoa nje. Kulipokucha hakuwa na sauti ya kumfukuza kuku.

Fundi wa mashine akasema gari lake linaondoka jioni, halingoji koo la mtu. Zawena akamwendea Mhina.

"Unamcheka kila siku," akamwambia. "Leo mcheke mbele ya mashine."

Mhina akasimama kwenye kipaza sauti akaimba, na kila ubeti ulipokwisha Zawena akamtamkia unaofuata kwa midomo tu, bila sauti. Semboja alipewa manyanga, akayapiga ovyo.

Sasa nisikilizeni. Desturi ya waimbaji wa dansi mnaijua: magitaa yakichanganya, mwimbaji hujitaja jina lake ndani ya wimbo. Mhina alipofika hapo angeweza kusema yeye ni Mhina. Nani angemzuia? Taa nyekundu ya kurekodi ikishawaka, hata kukohoa ni marufuku. Lakini mwoga ni mwoga. Akajitaja kwa sauti ya puani, "Ni mimi Semboja, kipenzi cha roho zenu." Mashine ikanasa.

Santuri ikatoka, nchi nzima ikaicheza. Nyinyi mlioinunua mliapa kwamba sauti ya Semboja mnaijua hata usingizini. Semboja mwenyewe sauti ilirudi inakwaruza, na haikupona tena.

Kisha kampuni ikaleta habari. Inamtaka Semboja aende mji mkuu, arekodi santuri nyingine, na picha yake iwekwe kwenye jalada. Gari litachukua mtu mmoja. Hapo ndipo watatu hawa walipotoana macho.

Semboja akasema, "Jina ni langu. Merenge niliileta mimi. Hata sauti aliyoimba huyu ni yangu, kaiiga tu. Mwizi wa nguo apigwe picha na nguo yangu?"

Mhina akasema, "Koo ni langu. Ukienda wewe, ukifungua mdomo tu watakurudisha."

"Na wewe ukienda utaimba nini?" Zawena akamwuliza. "Wimbo huna hata mmoja. Nyote wawili mnatembelea maneno yangu. Na sauti ninayo, ila hamjawahi kuniuliza."

Ni kweli, hawakuwahi kumwuliza. Ila na yeye hakuwahi kufungua mdomo, miaka yote ile ya kupishwa kwenye foleni.

Gari likafika. Watu wamejaa uwanjani, wanashangilia sauti wasiyojua ni ya nani. Dereva akafungua mlango, akauliza, "Semboja ni yupi?"

Wote watatu wakajibu kwa pamoja, "Ni mimi."

Dereva kakodoa macho, kiti ni kimoja. Haya, nyinyi wajuzi wa sauti, mwambieni. Je, nani alistahili kupanda?