Mzee Kajiru na Cheni Iliyoruka

Paukwa!

— Pakawa!

Walio nyuma sijawasikia. Paukwa!

— Pakawa!

Haya, kaeni vizuri. Zamani hizo, babu zetu wakiwa vijana, palikuwa na kijiji mgongoni mwa mlima. Kijiji kizima kilikuwa na baiskeli moja tu, nayo ilikuwa ya Senkondo. Mtu akiumwa, Senkondo. Mtu akivunjika mguu, Senkondo. Zahanati ilikuwa ng'ambo ya mlima, na njia yake ilikuwa kupanda, kupanda, kupanda.

Mke wa Senkondo aliitwa Namkunda. Alikuwa na mimba ya kwanza, baada ya miaka saba ya kungoja. Senkondo akaitazama baiskeli yake. Cheni kuukuu, imeshika kutu, inalia kama bawaba za mlango. Akasema moyoni, "Hii itanikatikia njiani siku nimembeba mke wangu." Akajitwisha maharage, akashuka sokoni, akarudi na cheni mpya. Inang'aa! Akaifunga kwa mikono yake mwenyewe, huku akipiga mluzi.

Kesho yake akapanda. Sirr, sirr, sirr… taka! Cheni ikaruka, mguu ukachopoka kwenye pedali.

"Imelegea," akasema. Akalivuta gurudumu nyuma, akaikaza. Sirr, sirr… taka!

"Inataka mafuta." Akaipaka mafuta. Sirr, sirr… taka!

Siku nne alijaribu, akipanda na kushuka. Na siku zote nne alipita mbele ya nyumba ya Mzee Kajiru. Huyu alikuwa mzee wa goti bovu, msuka matenga. Ujanani alitengeneza baiskeli za makarani wa mashamba ya mkonge, huko tambarare.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Basi. Senkondo anapita, cheni inaruka, taka! Mzee anainamia tenga lake.

Mpo?

— Tupo!

Siku ya tano, asubuhi, Namkunda akashikwa na uchungu. Mkunga, Bi Nakijwa, akampapasa tumbo, uso ukamkunjamana. Akamwita Senkondo nje. "Mtoto amekaa vibaya. Hili limenishinda. Mkimbize zahanati."

Wakampakia. Mto chini, kanga ya kumfunga kiunoni. Senkondo akakanyaga. Pa tambarare, sirr, sirr, sirr, cheni imetulia. Mwinuko ukaanza. Senkondo akasimama juu ya pedali, akakanyaga kwa uzito wake wote. Taka! Baiskeli ikayumba, Namkunda akapiga ukelele. Akakanyaga tena. Taka! Akakanyaga mara ya tatu. Taka! Wakaanguka wote wawili.

Akamwinua. Akamrudisha juu ya keria, kile kiti cha nyuma. Akaanza kusukuma kwa miguu. Njia ambayo angeimaliza kabla umande haujakauka, jua la utosi likamkuta katikati yake. Akasukuma. Akasukuma.

"Senkondo," Namkunda akasema taratibu, "nenda polepole. Naona unachoka."

Hakusema neno jingine. Walipofika mahali bati la zahanati linapoonekana, kichwa chake kililala mgongoni mwa mumewe, na hakuwa na pumzi tena. Wala yeye, wala mtoto.

Watu wakazika. Watu wakalia. Siku zikapita, wageni wakakunja mikeka yao wakaenda. Senkondo akabaki na nyumba iliyonyamaza. Akipika, anasahau chakula jikoni. Akilala, anakumbuka kwamba hakula.

Asubuhi moja akachukua shoka, akaikokota baiskeli kuelekea korongoni. Alitaka akaivunje vipande vipande.

"Senkondo!" Mzee Kajiru akaita kutoka barazani. "Unaipeleka wapi?"

"Korongoni."

"Ilete hapa kwanza. Ukishanisikia, kaivunje."

Senkondo hakuwa na nguvu hata za kukataa. Wakaigeuza baiskeli, magurudumu juu. Mzee akazungusha pedali kwa mkono, taratibu, vidole vikigusa cheni kiungo kwa kiungo.

"Nilitafuta kiungo kigumu," akasema. "Kingekuwapo, ingeruka mahali palepale kila cheni inapomaliza mzunguko. Hakipo. Sasa nashika gurudumu lisizunguke. Wewe kandamiza pedali."

Senkondo akakandamiza. Taka!

Mzee akachukua kitambaa chenye mafuta ya taa, akafuta meno ya gurudumu la nyuma. "Tazama. Jino zima lina mabega sawa. Haya yamelika upande mmoja, yamepinda kama kucha za mwewe. Cheni ya zamani iko wapi?"

"Nimefungia mlango wa banda la mbuzi."

"Kailete."

Akaileta. Mzee akatundika cheni mbili kwenye msumari mmoja, akahesabu viungo. Vilikuwa sawa kwa idadi. Lakini ile ya zamani ilishuka chini zaidi, upana wa kidole.

"Cheni hurefuka kwa kazi," mzee akasema. "Hii na meno haya vimelika pamoja, vinashikana. Mpya ina viungo vifupi, haiingii vizuri kwenye meno mabovu. Pa tambarare utapita. Ukikanyaga kwa nguvu inapanda juu ya meno, inaruka. Ukitaka cheni mpya, badilisha na meno. Vyote viwili, au usiguse."

Senkondo akakaa chini. Akauliza kwa sauti ndogo, "Ningeiacha ile ya kutu, tungefika?"

Mzee angeweza kudanganya. Hakudanganya. "Mngefika. Kama angepona, hilo sijui."

"Basi ni mimi niliyemuua."

"Hapana. Nisikilize. Siku nne ulipita hapa. Siku ya kwanza tu niliisikia, nikajua. Nikasema, ana ulimi, ataniuliza. Nilitaka uje, ukae, uniombe. Mimi ndiye niliyejua, nikanyamaza."

Senkondo akashika shoka. Akalitazama. Akamtazama mzee, na mzee akaitazama mikono yake mwenyewe, wala hakukimbia. Shoka likaanguka chini. Senkondo akaondoka bila kuaga, baiskeli akaiacha hapohapo.

Jioni alipotoka nje aliikuta imeegemezwa ukutani kwake, imefungwa cheni ya kutu, imeoshwa. Mzee wa goti bovu alikuwa ameikokota mwenyewe.

Mwezi mzima Senkondo hakuigusa. Kisha Bi Nakijwa akaumwa na nyoka shambani. Watu wakaja mbio mlangoni. Senkondo akaikamata baiskeli. Akampakia mkunga, akakanyaga. Mwinuko ukaanza. Akasimama juu ya pedali, akingoja kuanguka. Sirr, sirr, sirr, sirr. Cheni ikashika. Ikashika mpaka kileleni, ikashika mpaka zahanati.

Bi Nakijwa akapona. Na Senkondo akaenda nyuma ya jengo, akakaa chini, akalia kuliko alivyolia makaburini. Alilia kwa sababu ilishika.

Aliporudi akapitia kwa mzee.

"Imeshika?"

"Imeshika."

"Na mkunga?"

"Mzima."

Senkondo akaiegemeza baiskeli ukutani.

"Sijakusamehe, mzee."

"Najua, mwanangu."

"Lakini nifundishe kusikia."

Akamfundisha. Na tangu siku ile Mzee Kajiru akahamishia kigoda chake ukingoni mwa njia. Miaka ikapita, baiskeli zikawa nyingi kijijini, naye akazisimamisha zote. "We kijana! Breki yako inakwaruza!" "We mama, spoki imekatika hiyo!" Wengine walimcheka. Wengine walimtukana, mzee mbea. Hakuacha. Mvua, hakuacha. Alipofariki, walimkuta kigodani, ameelekeza sikio njiani.

Senkondo hakuoa tena. Hakusema hata siku moja kwamba amesamehe. Ila kaburi la mzee alilichimba yeye, peke yake, na hakukubali mtu amshikie jembe.

Nanyi mnaonisikiliza: ukijua kitu kinachoweza kumwokoa mwenzako, mwambie kabla hajauliza. Akikasirika, na akasirike.

Ngano yangu naitua hapa. Aliyekufa ganzi anyooshe miguu.