Zimwi la Pango la Maji

Paukwa!

— Pakawa!

Mbona mnaitika kama mmelazimishwa? Tena! Paukwa!

— Pakaaawa!

Haya. Na leo asiniulize mtu "zimwi maana yake nini" kabla sijamaliza. Jana mlinikera.

Hapo zamani za kale, wanyama walikunywa maji ya mto wa tope. Tope tupu. Hakuna aliyewahi kuuona uso wake humo. Basi jua likawaka, likawaka, likawaka, mto ukakauka kau! Maji yakabaki pangoni tu, na pangoni kulikuwa na zimwi.

Fisi akaenda. Akarudi mbio, tifu tifu tifu. "Nimeliona! Lina madoa! Linanikenulia!"

Ngiri akaenda. Akarudi mbio, tifu tifu tifu. "Fisi mwongo! Halina hata doa moja. Lina meno mawili yametoka nje, yamepinda!"

"Madoa!"

"Meno!"

"Madoa!"

"Meno!"

Wakabishana kutwa. Maji je? Hakuna aliyeleta. Wewe pale unayecheka, kama umeshajua, funga mdomo.

Sasa Bi Digidigi, yule paa mdogo mwenye kishungi kichwani, alikuwa na mtoto. Ulimi wa mtoto umekauka, hata kulia hawezi. Akamwambia mumewe, "Baba Mtoto, nenda pangoni."

"Siwezi kwenda hivi hivi," akasema Bwana Digidigi. "Shujaa wa ngano kwanza hukataa. Basi nakataa."

"Haya, umekataa. Nenda."

"Bado. Shujaa hukutana na kikongwe njiani, akapewa hirizi."

"Kikongwe gani, Baba Mtoto? Kiu imewamaliza wote!"

"Basi tusubiri, huenda kamebaki kamoja."

Jamani! Mtoto anakata roho, baba anasubiri kikongwe! Mimi ninayesimulia tu, damu inanichemka.

Bi Digidigi akamwacha hapo hapo. Akavaa kibuyu shingoni, akaenda, tiki tiki tiki. Hakwenda kwa ushujaa. Alikwenda kwa sababu walikuwa wamemchosha.

Pangoni giza, ila mwanga kidogo uliingia kwenye ufa wa juu. Akainama. Lo! Macho mawili makubwa yanamtazama kutoka chini. Akageuka akimbie. Akamkumbuka mtoto. Hasira zikampanda, akarudi.

"Nimechoka!" akapiga kelele.

"Nimechoka!" likajibu zimwi.

"Nimechoka na wewe!"

"Na wewe!"

Akaduwaa. Akalitazama vizuri. Zimwi lilikuwa dogo. Lina kishungi. Macho yamevimba kwa kukosa usingizi, na woga limejaa tele. Akatikisa sikio. Nalo likatikisa sikio.

"Maskini," akasema polepole. "Kumbe ni mimi."

Akashusha mdomo. Zimwi likaleta mdomo wake. Chubwi! Baridi. Maji! Akanywa, gugu gugu gugu, mpaka tumbo likajaa. Akajaza kibuyu, akarudi.

Bwana Digidigi akaruka. "Lakini hujakutana na kikongwe!"

"Baba Mtoto, mshike mwanao kichwa."

Akamshika. Mtoto akanywa. Kisha akalia kwa sauti kubwa, na mama yake akacheka huku machozi yakimtoka.

Fisi na Ngiri wakaja mbio. "Hebu tuambie, zimwi lina madoa au meno?"

"Nendeni mkanywe," akasema Bi Digidigi. "Mtaona wenyewe."

Sasa ndipo mniulize. Zimwi ni woga wako mwenyewe, na hukaa palepale penye kitu unachokihitaji. Ukilikimbia, na maji umeyakimbia. Basi litazame usoni, uiname, unywe.

Hadithi yangu nimeitua hapa kama mtungi, mwenye kiu ajichotee. Na wewe wa nyuma, usiniulize habari za kikongwe. Hakuja.