Golikipa Aliyelionea Haya Tumbo Lake

Hadithiii!
— Ije!
Ije na nani?
— Na uwongo wake!
Na ukweli je?
— Umelala, usiuamshe!

Haya. Wewe unayetafuna karanga kule nyuma, tafuna kimya. Na anayemsubiri Sungura asisubiri, leo hayumo. Leo yumo Bi Pimbi, yule mdogo wa majabalini, asiye na mkia. Siku mikia inagawiwa alituma mtu amletee, akaletewa salamu. Tangu hapo hamtumi mtu, shughuli zake anazifanya mwenyewe.

Paliondokea kiangazi kibaya. Mito ilikauka yote, likabaki bwawa moja. Wanyama wakakubaliana wasipigane, wacheze mpira wa magongo, wakubwa kwa wadogo. Mpira ni koche kavu, lile tunda gumu la mkoche, gongo ni tawi la mkwaju, lango ni vigingi viwili. Kila mwezi ukiandama wanacheza, na mshindi bwawa lake mpaka mwezi mwingine uandame.

Golikipa wa upande wa wakubwa alikuwa Kiboko. Golikipa gani! Anaingia langoni, anajilaza ubavu, analijaza lango kigingi hadi kigingi, analala. Analala kabisa, khooo, khooo! Wadogo wanapiga, ko! Koche linakwenda vuuu, linamgonga tumboni pwaa! linarudi. Yeye hata jicho hafumbui. Mechi ikiisha wanamwamsha, wanamwambia umeshinda, anasema najua.

Basi bwawa likawa la Kiboko mwezi hata mwezi. Anaingia asubuhi, anatoka jioni, akitoka kaacha tope na mavi. Hayo ndiyo waliyokunywa wadogo.

Bi Pimbi alikuwa na kitindamimba wake, midomo imempasuka, hata kulia ameshaacha. Siku moja akamwendea Kiboko na kifuu mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Sema."

"Naomba maji safi kifuu kimoja, kabla hujaingia kuoga. Mtoto wangu anakufa."

Kiboko akapiga mwayo, meno yote nje. "Mwambie ameze mate."

"Hana mate, mzee."

"Basi ameze yako."

Bi Pimbi hakulia. Alisimama palepale, akalitazama lile tumbo, akasema, "Ndiyo maana wanakusema."

"Nani ananisema?"

"Si kitu, mzee. Maneno ya watu."

"Sema!"

"Wanasema wewe si golikipa. Golikipa ni tumbo. Wewe ni mchukuzi wake tu, unalileta uwanjani, unalirudisha nyumbani. Wanasema hata jabali likiwekwa pale litashinda, tena jabali halikoromi."

Loo! Yakamwingia. Ana maji, ana nguvu, ana kila kitu, sasa anataka na sifa! Angekuwa na akili angesema, waache waseme, bwawa ni langu. Lakini akili angeitoa wapi? Akauliza kwa sauti ndogo, "Golikipa wa kweli hufanyaje?"

"Hudaka kwa fikra, mzee. Kwanza huitayarisha nia yake. Fumba macho."

"Nimefumba."

"Waona nini?"

"Naona nyasi."

"Ziondoe."

"Nimezila."

"Vizuri. Sasa uone mpira. Unakuja upande gani?"

"Kulia."

"Basi urukie kulia! Usiyangoje macho, macho ni ya waoga. Ulivyouona moyoni ndivyo utakavyokuja."

Kiboko akaruka. Tifu! Ardhi ikatetemeka.

"Umeudaka?"

"Nimeudaka!"

"Na mimi nimeuona," akasema Bi Pimbi, na mpira wenyewe haukuwapo.

Siku sita alimfundisha. Fumba macho. Nimefumba. Uone mpira. Nimeuona. Ruka. Tifu! Siku ya saba Bi Pimbi akamuuliza, "Na goli likiingia?"

"Haliingii."

"Hayo ndiyo mawazo mema. Lakini likiingia, usilifikirie. Sema, yaliyopita si ndwele, kisha utabasamu."

"Nikulipe nini, Pimbi?"

"Sitaki kitu, mzee. Nikikuona umesimama, inanitosha."

Mwezi ukaandama. Mwamuzi Korongo akapuliza filimbi, priii! Kiboko huyo langoni, kasimama kidete, uso mbele, macho kayafumba, anatabasamu. Kasimama! Kulia kwake kuna nafasi, kushoto kwake kuna nafasi, na chini ya tumbo kuna njia ya kupita harusi.

Nguchiro akapiga, ko! Kiboko kauona moyoni unakuja kulia. Tifu, kulia! Koche likapita kushoto, linajiviringia taratibu, halina haraka. Priii! Moja.

"Yaliyopita si ndwele!" akasema Kiboko, anatabasamu.

Bi Pimbi akapiga, ko! Kiboko kauona moyoni unakuja kushoto. Tifu, kushoto! Koche likapita kulia. Priii! Mbili.

"Yaliyopita si ndwele!"

Nguchiro tena, ko! Mara hii Kiboko kauona juu. Akaruka juu, hakufika mbali. Koche likampita katikati ya miguu. Priii! Tatu.

Nyati, nahodha wa wakubwa, akaja mbio, povu linamtoka. "Mzee Kiboko, lala! Lala tu kama zamani!"

"Toka langoni mwangu na mawazo yako mabaya. Wewe ndiye unayetuletea nuksi."

"Tumefungwa tatu!"

"Unayehesabu ni wewe. Mimi sihesabu."

Filimbi ya mwisho ilipolia, wadogo tisa, wakubwa hawana kitu. Na mpumbavu yule alitoka uwanjani kifua mbele, hajapata kuwa na raha kama siku ile. Akaenda moja kwa moja bwawani kuoga. Akawakuta wadogo wamejipanga ukingoni, na mbele yao kitindamimba wa Bi Pimbi, mdomo majini, glu, glu, glu, hata kichwa hainui.

"Tokeni!" akanguruma Kiboko.

"Tisa kwa sifuri, mzee," akasema Korongo. "Utoke wewe."

Nyati na wenzake walikuwapo. Wakampa mgongo, wakaenda zao.

Jua la kiangazi si mchezo, na ngozi ya kiboko si ya nchi kavu. Siku ya tatu mgongo ukampasuka, inzi wanamtembelea. Akaja kwa Bi Pimbi kichwa chini.

"Shikamoo, Bi Pimbi."

"Marahaba."

"Naomba niloweshe mgongo tu. Nakufa."

Bi Pimbi akautazama ule mgongo. Akasema, "Fumba macho, mwanangu."

"Nimefumba."

"Yaone maji."

"Nayaona."

"Ya baridi?"

"Ya baridi."

"Basi oga."

Mnacheka nini? Nimeambiwa nisiwaache mwende bila mafunzo, basi chukueni mafunzo yenu. Enyi magolikipa, mawazo mema ndiyo yanayolinda lango. Jiaminini. Tabasamuni. Msilale kazini, hata kama usingizi ndio uliokuwa ukiwashindia. Na mkifungwa tisa msihesabu, kuhesabu ni kwa wenye mawazo mabaya.

Hadithi imeisha?
— Imeisha!
Ikiwa tamu?
— Ni yako!
Ikiwa chungu?
— Tumeisikiliza vibaya!