Ya Kujua na ya Kutokujua

Wamesimulia waliotutangulia, Mola awarehemu, kwamba katika mji mmoja palikuwa na nyumba ya mayatima, na msimamizi wake akiitwa Maalim Sufiani. Mji mzima ulimheshimu. Mayatima walimwogopa, kwani aliwapiga hadi kuwatoa damu na kuwafungia ghalani bila chakula. Binti mmoja, Mwanatumu, alithubutu kuwaambia wakubwa. Maalim akamwita mwongo, nao wakamwamini yeye.

Miaka thelathini ikapita. Mwanatumu akawa mwoka mikate ya mofa, mcheshi wa kupigiwa mfano, mwenye kuswali na kufunga. Jambo moja tu lilimuuma: kila akisujudu alijaribu kumsamehe Maalim, na moyo ukakataa. Hakumdanganya Mola wake. Alisema, "Ya Rabbi, bado. Nisaidie."

Maalim, naye mzee sasa na bado msimamizi wa nyumba ile, akanuia kuhiji. Kama ilivyo ada, akawaalika watu kwa dua, wanaume ukumbini, wanawake nyuma ya pazia, akasema: "Jamaa zangu, nisameheni niliyowakosea kwa kujua na kwa kutokujua."

"Tumekusamehe!" wakaitika wote, na macho yao, Mola awasamehe nao, yako kwenye sinia za pilau.

Sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Maalim, mimi Mwanatumu. Ya kutokujua nimekusamehe zamani. Nangoja uyataje ya kujua."

Mzee mmoja akasema kwa upole, "Mwanangu, pilau inapoa."

"Itapashwa moto, babu. Mimi nimengoja miaka thelathini."

Maalim akainama. Angeweza kumwita mwongo tena, na watu wangemwamini. Lakini alimwogopa Mola wake, akayataja huku akilia: fimbo, ghala, njaa. Kisha akasema, "Na yule binti alisema kweli. Mwongo nilikuwa mimi."

Bi. Mwanatumu akalia na kucheka kwa pamoja. "Alhamdulillahi! Sasa nimekusamehe, Maalim, kwa ulimi na kwa moyo. Ila funguo za nyumba ya mayatima, mpe mwingine."

Mwaka ule Maalim hakuhiji. Alikabidhi funguo, akaenda kuwatafuta mayatima wake wa zamani mmoja mmoja, awatajie aliyowatenda. Wengine walimsamehe, wengine walimfungia mlango, na hiyo ilikuwa haki yao.

Ndugu zangu, kusamehe kuna fadhila kubwa, lakini tusimharakishe aliyeumizwa. Na mtoto akitujia leo na kilio chake, tumsikilize leo.