Kwa Nini Uwanda wa Lorora Ulimezwa na Kikwata

Mkiiona Lorora leo, miiba juu ya miiba, wanangu, msidhani Mungu aliiumba hivyo. Zamani ilikuwa nyasi tupu mpaka upeo wa macho, na ng'ombe wakiingia humo zilionekana pembe tu.

Nyasi zile zililindwa na moto. Kikwata, kile kichaka cha miiba iliyopinda, kilipoanza kuchipua, wazee waliufunga uwanda, asikanyage ng'ombe msimu mzima. Mifugo ilihamia milimani ikakonda, na watoto wakalala na uji mwepesi. Hiyo ndiyo ilikuwa gharama ya moto. Nyasi zisizoliwa zilirefuka, zikakauka, zikawaka kwa nguvu mpaka kikwata kikafa. Mvua ikija, malisho yalirudi mapya.

Mwenye kauli ya kuufunga uwanda alikuwa Lenkupae, mzee aliyependa ng'ombe kupita kiasi. Mwaka mmoja ng'ombe wake walizaa sana, vibuyu vikafurika maziwa. Kila alipozitazama nyasi, moyo ulimuuma. Mali yote hii ichomwe bure?

"Mwaka huu tulishe," akatangaza. "Tutachoma mwakani."

Mkewe, Nkasiogi, akamwambia, "Baba Nolari, kikwata hakijui mwakani."

"Unataka ndama wangu wafie milimani?"

Watu wakamshangilia. Nani asiyependa kuambiwa ale?

Mwakani ikaja na sababu yake, na iliyofuata ikaja na yake. Kikwata kikafika magotini, kikafika kiunoni, na nyasi zikawa haba. Akili ilipomrudi Lenkupae, alikusanya watu, akauwasha moto kule upepo unakotoka. Moto ukalamba nyasi fupi, ukafuka moshi, ukazimikia miguuni pake. Hapakuwa na cha kuubeba. Akauwasha tena na tena, akilia mbele za watu, mzee mzima. Wakashika mashoka, lakini kila shina walilolikata lilichipua mashina mengine mengi. Wakaufunga uwanda, lakini wapi! Chini ya miiba ile nyasi hazikuota tena. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu alikuja na njaa mkononi.

Ng'ombe wakafa mmoja mmoja. Wa mwisho, Mparua, yule mweupe ambaye mzee alimpenda kuliko wote, alinasa katikati ya vichaka akitafuta jani. Lenkupae alijipenyeza mpaka ngozi ikamchanika mgongoni, asimfikie. Akakaa chini akamsikiliza akilia mpaka aliponyamaza.

Na tangu siku hiyo Lorora ni ya kikwata, na watu wake ni watu wa mbuzi. Harusini bado huimba sifa za ng'ombe, wakitaja pembe na nundu, na watoto wao huuliza nundu ni kitu gani.