Boti Moja ya Mto Ruamba

Kesi hii imenishinda, ndiyo maana nawaletea nyinyi.

Mto Ruamba hushuka kutoka mlimani kwa kasi, ukijipigiza kwenye mawe. Watu watatu waliwapitisha wageni humo kwa boti za mpira. Ireri aliyasoma maji. Akitazama povu tu, alijua jiwe liko wapi. Igoki, mwanamke pekee kati yao, alirusha kamba ikafika mkononi mwa anayezama. Nyaga alipiga mbizi, akakaa chini hadi walio juu wakaingiwa na hofu. Walikuwa marafiki, na kwa miaka minane walitamani boti yao wenyewe, waache kumtumikia mwenye kampuni.

Siku moja ya Aprili boti ilipinduka, Ireri akiwa ndiye anayeiongoza. Abiria wote waliibuka isipokuwa Kendi, binti wa mzee Mbaabu.

Wengine walimtafuta kule maji yanakoelekea. Ireri alipanda juu ya jiwe, akaona povu limekatika mahali pasipo na jiwe. "Yuko pale," alisema. "Gogo limemshika."

Nyaga alizama. Alikuta jaketi la Kendi limenasa kwenye tawi, akalikata kwa kisu. Gogo liliteleza likamvunja bega, lakini hakumwachia msichana.

Maji yakawabeba wote wawili kuelekea maporomoko. Igoki alikuwa na nafasi ya kurusha mara moja tu. Nyaga aliidaka kamba kwa mkono mzima. Ilimchuna Igoki viganja hadi nyama, naye hakuilegeza.

Kendi alipona. Mzee Mbaabu akanunua boti mpya ya kumzawadia aliyemwokoa.

"Nipeni jina moja tu la mwenye boti," alisema. "Mimi na ndugu zangu tuliachiwa shamba moja. Leo hatuzikani."

Nyaga akasema, "Mimi sitapiga kasia tena. Nitakula nini?"

"Na boti utaiendesha kwa bega lipi?" Igoki akamuuliza. "Bila kamba yangu tungewazika wawili."

"Bila macho yangu," Ireri akasema taratibu, "mngekuwa bado mnatafuta."

Nyaga akamtazama. "Bila mikono yako asingezama."

Hawajasemezana tangu siku hiyo. Ireri ameuacha mto, anachunga ngamia wa watu Isiolo. Igoki bado anaitumikia kampuni. Nyaga hupita nyumbani kwa mzee akienda zahanati, na hageuzi uso. Boti imo ghalani, haijawahi kujazwa upepo.

Jana mzee alinijia mimi, jirani yake, nimpe jina. Nilishika kalamu mpaka chai ikapoa. Je, wewe ungeandika la nani?